Waliosimama Juu ya Maji

Mtu anayeteleza kwa skii za majini halitazami ziwa kwa macho ya mtalii. Mtalii akifika Gisenyi, Rwanda, huinua uso kuutafuta mlima wa volkano wa Nyiragongo, kisha huushusha polepole hadi kwenye mitende ya ufukweni na kutoa simu apige picha. Mtelezi huanza na maji yenyewe. Anauliza upepo huamka saa ngapi. Anauliza kina kinaanzia wapi, kama kuna mawe au visiki, mashua itageuka wapi bila kuyarudia mawimbi iliyoyafanya yenyewe, na humo majini mna nini kinachoweza kumdhuru mtu aliyeanguka na anayesubiri kamba irudi.

Kwa maswali hayo Ziwa Kivu lina majibu mazuri kuliko maziwa mengi ya Afrika. Mamba na viboko, wanaofanya fukwe nyingi za maziwa yetu ziogopwe, hapa hawapo. Maji ya juu hukaa kwenye nyuzi 23 au 24 mwaka mzima, kwa hiyo mtu anaweza kuanguka mara kumi na bado asitetemeke. Kingo zake zimejaa ghuba na rasi, na nyuma ya rasi daima kuna upande mmoja uliokingwa na upepo. Asubuhi na mapema maji hulala kabisa. Ukisimama Rubona, ile rasi iliyo kilomita chache kusini ya mji, karibu na kiwanda cha bia cha Bralirwa, utaona mstari wa mtumbwi mmoja ukibaki juu ya maji muda mrefu baada ya mtumbwi wenyewe kupita. Hayo ndiyo maji ambayo mtelezi huamka alfajiri kuyatafuta.

Kasoro ipo moja, na fundi wa injini ataiona kabla ya mtu yeyote. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na turbo hupungukiwa karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Mtu mzito anayetaka kunyanyuka kutoka majini kwa skii moja ataisikia asilimia hiyo kwenye viganja vyake.

Basi maji yapo, tena mazuri. Lakini maji mazuri yako mahali pengi duniani, na sehemu kubwa ya maji hayo hakuna anayesafiri kwenda kuyaona. Nimekuja kuamini kwamba watu hawasafiri kulitazama ziwa. Husafiri kumtazama mtu anayeweza kufanya jambo juu ya ziwa, au kwenda kulifanya jambo hilo wao wenyewe. Kwa Gisenyi, mji unaoishi kwa kutazamwa, hilo lina uzito. Ndiyo sababu sura hii inaondoka Rwanda kwa muda na kwenda kwenye ziwa dogo la Florida, Marekani, kumtafuta mwanamke aliyeitwa Willa Worthington.

Kabla ya kumfikia yeye, tumpitie kijana aliyeuanzisha mchezo. Mwaka 1922, katika mji wa Lake City, jimbo la Minnesota, Ralph Samuelson aliamini kwamba kama mtu anaweza kuteleza juu ya theluji, anaweza pia kuteleza juu ya maji. Alianza na mbao za pipa, akazama. Akajaribu skii za theluji, akazama tena. Mwishowe akanunua mbao mbili za msonobari, akazichemsha ncha ndani ya chombo ambamo mama yake alichemshia nguo za kufua, akazipinda zikiwa bado laini na kuzibana hadi zikakauka na mpindo wake. Ndugu yake Ben aliendesha mashua. Tarehe 2 Julai, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, Ralph alisimama juu ya maji ya Ziwa Pepin na kubaki amesimama. Hakusajili uvumbuzi wake. Mtu mwingine, Fred Waller, ndiye aliyepata hataza ya skii za majini mwaka 1925, na chama cha mchezo huo Marekani kilimtambua rasmi Samuelson mwaka 1966 tu.

Alichokuwa amekigundua hasa kilikuwa ile ncha iliyopinda. Ubao ulionyooka huchimba maji na kuzama. Ubao wenye mpindo, ukivutwa kwa kasi ya kutosha, huyasukuma maji chini, na maji nayo huusukuma juu. Anayeanza hukaa ndani ya maji magoti yakiwa kifuani, ncha za skii zimechomoza, kamba imepita katikati yake, mikono imenyooka. Mashua inaondoka. Kosa la karibu kila mwanafunzi ni lile lile: anaivuta kamba kifuani ili ainuke, na papo hapo anaanguka chali. Mashua ndiyo inayovuta. Kazi ya mwili ni kubaki umejikunja na kuwa mvumilivu kwa sekunde mbili tatu zinazotisha, maji yakikupiga usoni, hadi uhisi kitu kigumu kimejitengeneza chini ya nyayo zako. Hapo ndipo unaponyoosha magoti.

Kisa cha ziwa lile dogo la Florida kinaanza na Dick Pope, aliyezaliwa mwaka 1900 na kukulia katika jimbo hilo. Alikuwa mtu wa matangazo, wa kuuza viwanja, boti na chochote kilichouzika, na yeye mwenyewe aliteleza kwa skii na kuruka majukwaa ya majini tangu miaka ya 1920. Katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, yeye na mkewe Julie walichukua kinamasi cha miti ya saipresi kando ya Ziwa Eloise, katika mji wa Winter Haven, wakachimba mifereji na kupanda maua. Bustani ya Cypress Gardens ilifunguliwa tarehe 2 Januari 1936. Wageni walipitishwa kwenye mifereji kwa boti za umeme zisizo na kelele, katikati ya azalea na kamelia. Ziwa lenyewe halifiki kilomita 5 za mraba. Kivu ina takribani 2,700. Ungeweza kulitupa Eloise katika ghuba mojawapo ya Kivu na mvuvi asitambue kwamba kuna kilichoongezeka.

Mambo mawili yaliyoifanya bustani ile kuwa maarufu yalitoka kwa Julie, na yote mawili yalizaliwa na dharura. Majira ya baridi ya 1940 yaliua mtambaa mkubwa wa maua uliokuwa langoni. Wageni walifika, wakauona mmea uliokufa, wakageuza magari. Julie akawavisha wasichana magauni mapana ya mtindo wa zamani wa kusini mwa Marekani na kuwasimamisha mbele ya mmea ule ili kuuficha. Watu wakaingia, tena wakaomba kupiga picha na wasichana. Mmea ulipochipua upya, wasichana walibaki.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Dick alikuwa jeshini na Julie aliendesha bustani peke yake. Gazeti moja lilichapa picha ya mtoto wao, Dick mdogo, akiteleza na rafiki zake mbele ya bustani. Wanajeshi waliokuwa kambini jirani wakaja kuuliza onyesho la skii linaanza saa ngapi. Hapakuwa na onyesho. Julie akawajibu kwamba litakuwa saa tisa alasiri, kisha akawakusanya watoto wake na wenzao waingie majini. Mwisho wa juma uliofuata walifika wanajeshi mamia. Onyesho lile la skii, lililotokana na swali la askari, liliendelea kwa miongo mingi.

Wale watoto, tukumbuke, hawakuajiriwa kutoka mbali. Walikuwa watoto wa ziwani, waliokwishajua kuanguka na kuinuka kabla hajatokea wa kuwatazama. Dick Pope mdogo akaja kuwa bingwa. Machi 1947, juu ya Ziwa Eloise, alipigwa picha akiteleza bila skii yoyote, kwa nyayo tupu, siku chache baada ya kijana mwenzake wa Winter Haven, A. G. Hancock, kulijaribu jambo hilo hilo. Mashua inabidi ikimbie karibu kilomita 60 kwa saa ndipo nyayo za mtu ziweze kumbeba. Mwaka 1950 mashindano ya dunia yalifanyika pale pale nyumbani kwao, na yeye akatwaa ubingwa wa jumla wa wanaume.

Bingwa wa wanawake mwaka huo alikuwa Willa Worthington, baadaye Willa McGuire, msichana aliyelelewa Oregon, upande wa pili wa bara. Alikuwa amekwisha kushinda ubingwa wa kwanza kabisa wa dunia mwaka 1949 huko Juan-les-Pins, Ufaransa. Akashinda wa 1950 Cypress Gardens, na akashinda tena mwaka 1955 mjini Beirut, Lebanon. Nyumbani Marekani alikuwa bingwa wa taifa mara nane. Ubingwa wa jumla hupatikana kwa kuunganisha alama za michezo mitatu isiyofanana: kupita maboya kwa zigizaga, kuruka kutoka kwenye jukwaa lenye mteremko, na mitindo, yaani kugeuka, kupinda na kurudi kinyumenyume juu ya ubao. Mwenye miguu ya kuruka mara nyingi hana subira ya mitindo. Willa alikuwa na vyote.

Lakini vikombe si sababu ya kumweka katika kitabu hiki. Mabingwa ni wengi. Willa aliuchukua ubingwa wake na kuufanya kazi ya kila siku ya watu wengine. Huko Cypress Gardens alipanga miondoko ya maonyesho, akawafundisha wasichana kuteleza kwa mstari mmoja kama wachezaji wa baleti, mguu mmoja majini na mwingine hewani, na akabuni mavazi waliyovaa. Kabla ya hapo onyesho lilikuwa vijana hodari wakionyesha uhodari, mmoja baada ya mwingine. Baada yake likawa na mwanzo, kati na mwisho, likawa na muziki, na mtazamaji aliyekaa jukwaani akajua lini ashike pumzi.

Jaribu kuwaza ugumu wa kazi hiyo. Mcheza ngoma jukwaani akikosea hatua, hupiga hatua nyingine. Wasichana kumi waliofungwa kwenye mashua moja hawana nafasi hiyo. Kila mmoja ana kamba yake, zote zimekazwa, na zote zinatoka mahali pamoja nyuma ya mashua. Mmoja akichelewa kugeuka, kamba yake inapita shingoni mwa jirani. Zaidi ya hapo, wanatakiwa waondoke gatini wakavu, nywele zimetengenezwa, wakiruka kutoka ubaoni wakati ule ule kamba inapokaza, wasizame hata mara moja, na wawe wanatabasamu. Wakipanga piramidi, wale wa chini hubeba wenzao mapajani na mabegani huku wakishikilia kamba zao, na wa juu hupanda kwa miguu mitupu iliyolowa. Uhai wa wote hao uko mkononi mwa mtu mmoja asiyepigiwa makofi: dereva wa mashua. Akiongeza kasi kwa mshtuko, piramidi inakatika nyuma. Akipunguza kwa mshtuko, inaporomokea mbele. Madereva wazuri wa skii huendesha kwa mgongo. Wanausikia uzito wa watelezi kupitia kiti.

Dick Pope mkubwa alifanya sehemu yake. Alituma picha magazetini bila kuchoka, picha za wasichana wenye magauni na watelezi wanaopaa, na magazeti yakazichapa kwa sababu zilikuwa nzuri na za bure. Hollywood ikaja. Esther Williams, mwigizaji muogeleaji, alipiga hapo filamu ya Easy to Love mwaka 1953, na bwawa lenye umbo la jimbo la Florida likajengwa kwa ajili yake. Kwa miaka mingi Cypress Gardens ilikuwa miongoni mwa vivutio vikubwa vya jimbo zima.

Siwezi kuisifu bustani ile bila kutaja kilichokosekana kwenye picha zake. Florida ya miaka hiyo ilikuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, zilizovunjwa na sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Picha zilizoizunguka dunia, za mabinti wa gauni wakiketi majanini, zilikuwa picha za weupe, zikiuza ndoto ya kusini ya zamani ambayo kwa babu za Wamarekani weusi haikuwa ndoto hata kidogo. Mji unaotaka kujifunza kutoka kwa Winter Haven ujifunze na hilo: picha nzuri inaweza kuwa picha iliyowafukuza watu nje ya fremu.

Mwisho wa bustani ulikuja kwa barabara. Tarehe 1 Oktoba 1971 Walt Disney World ilifunguliwa karibu na Orlando, mwendo usiofika saa moja na nusu kwa gari, na barabara kuu mpya zikawapeleka watalii huko moja kwa moja. Ukoo wa Pope uliuza bustani mwaka 1985. Ikapita mikononi mwa kampuni moja baada ya nyingine, ikafungwa Aprili 2003, ikafufuliwa, ikafungwa tena mwaka 2009. Tangu Oktoba 2011 mahali pale panaitwa Legoland Florida. Yaliyohifadhiwa ni bustani ya maua yenyewe, pamoja na mbanyani mkubwa uliopandwa mwaka 1939, na wageni wa Legoland waliendelea kuonyeshwa skii juu ya Ziwa Eloise. Willa alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 89.

Hapa Afrika Mashariki kisa kinachofanana zaidi na hiki hakikuhusu skii. Kilikuwa Bujagali, kwenye Mto Nile karibu na Jinja, Uganda. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 kampuni za kuendesha mitumbwi ya mpira kwenye maporomoko ziliifanya Jinja ijulikane na vijana wasafiri wa dunia nzima. Lakini kabla ya mitumbwi hiyo na pamoja nayo walikuwapo vijana wa hapo hapo walioshuka maporomoko wakiwa wameshikilia dumu tupu la plastiki lililozibwa vizuri, kwa malipo ya sarafu walizochangishiwa na watazamaji. Walijua ni ulimi gani wa maji unaotema mtu nje na upi unaomzungusha chini. Hakuna kitabu kilichowafundisha. Baadaye vijana wengine wa kando ya mto walishika kayaki na kufikia kiwango cha kushindana na wazungu ambao vijana hao walikuwa wakiwabebea mizigo. Mwaka 2011 maji ya bwawa la umeme la Bujagali, lenye megawati 250, yaliyafunika maporomoko. Uganda ilihitaji umeme, na sitabishana na mtu anayewasha taa. Ninachosema ni kwamba katika hesabu ya kilichozama, ujuzi wa wale vijana ulipaswa kuwa na mstari wake, pamoja na ardhi na miti.

Sasa turudi Kivu, ambako ujuzi wa namna hiyo bado haujazama.

Kila jioni, isipokuwa siku za mapumziko ya samaki, wavuvi wa samaki aitwaye sambaza huondoka. Sambaza si mwenyeji wa asili wa ziwa hili; aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 ili ale vijidudu vya majini ambavyo hapakuwa na samaki wa kuvila katikati ya ziwa. Vyombo vya kumvulia ni vya pekee: mitumbwi mitatu iliyofungwa ubavu kwa ubavu kwa magogo, yenye miti mirefu ya mikaratusi iliyochomoza mbele na nyuma kama sharubu za kamba wa baharini, na wavu ukining'inia katikati. Taa huwashwa ili samaki wapande. Wafanyakazi hupiga makasia kwa wimbo; mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, na makasia yanaingia majini kwenye kiitikio. Mdundo ndio unaofanya mitumbwi mitatu iende kama mmoja. Wasipopatana, magogo yanayoifunga hulia na vifungo hulegea.

Yeyote aliyemwelewa Willa Worthington atatambua kinachotokea hapo: miili mingi, chombo kimoja, mpangilio unaoshikwa kwa sauti, na saa maalumu ya kuondoka. Wageni wamekwisha kutambua. Wanapanda boti za kukodi jioni, wanawafuata wavuvi, wanapiga picha na kurudi hotelini kula chakula cha usiku. Fedha ya safari hiyo inakwenda kwa mwenye boti, na haki yake ni kulipwa, kwani boti ni yake na mafuta ni yake. Lakini kilichotazamwa ni kazi ya watu wengine. Winter Haven, pamoja na dhambi zake zote, ililijua jambo moja: wanaotazamwa ni wafanyakazi na wanalipwa mshahara. Sipendekezi wavuvi wageuzwe wachezaji. Wavu wao ni ugali wa watoto wao, na boti ya watalii ikikaribia mno na taa zake inaweza kuwaharibia usiku mzima. Napendekeza wawe na sauti juu ya umbali, saa na bei.

Mchezo wa mashindano umekuja Kivu kwa mlango mwingine. Agosti 2022 mbio za Ironman 70.3 zilifanyika Rwanda kwa mara ya kwanza, na mahali palipochaguliwa palikuwa Rubavu, wilaya ya Gisenyi. Namba ile ni jumla ya maili. Kwa hesabu zetu ni kilomita 113. Mshiriki huogelea kilomita 1.9 ndani ya Kivu, huendesha baiskeli kilomita 90 kwenye vilima, kisha hukimbia kilomita 21. Barabara ya kutoka Musanze kuja Rubavu ilikuwa imekwisha kupata jina kupitia mbio za baiskeli za Tour du Rwanda, ambazo husimamisha mji mzima kando ya lami. Watu wa Gisenyi wanajua kutazama mchezo. Wanajua nani amechoka kwa kuyaangalia mabega yake.

Katika michezo hiyo mitatu ya Ironman, mahali ambapo mwanariadha wa Afrika Mashariki hupoteza muda ni majini. Mtoto wa Rwanda ameendesha baiskeli ya mzigo na amekimbia kwenda shule. Kuogelea kwa mtindo wa mashindano, uso majini na pumzi upande, si jambo analolipata njiani. Na bado ukienda ufukwe wa umma wa Gisenyi Jumapili alasiri utawakuta watoto mia wakiruka kutoka kwenye mawe, wakizama na kuibuka, wakishindana kwenda boya na kurudi. Uwezo upo, nao ni ule ule waliokuwa nao rafiki zake Dick Pope mdogo kabla mama yake hajawaambia waingie majini saa tisa.

Haitakuwa haki kuandika kana kwamba ziwa hili ni bwawa la hoteli. Chini ya Kivu, kwenye kina kinachofika karibu mita 480, zimeyeyuka takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zikishikiliwa hapo na uzito wa maji ya juu. Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno kwa kulinganisha, liliachia gesi yake usiku wa Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Anayeogelea juu ya Kivu hadhuriki na gesi iliyo chini, na kuanzia miaka ya 1960 kiwanda cha bia cha Gisenyi kiliwahi kuitumia methani hiyo kama nishati. Leo mitambo ya Karongi na ya Rubavu huigeuza kuwa umeme. Mabondeni, hasa upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kuna mazuku, hewa mbaya inayojikusanya mashimoni na kuua mbuzi na wakati mwingine watu. Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba hadi Rubavu. Januari 2025, vita vilipofika Goma, makombora yaliangukia upande huu na kuua raia. Mji huu na Goma ni mtaa mmoja uliopitiwa na mpaka. Wanaovuka asubuhi na vikapu vya nyanya kwenye Petite Barrière hawahitaji kufundishwa hilo. Utalii wa ziwa hauwezi kupanga ratiba yake bila kuuliza habari za ng'ambo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Gisenyi ijenge nini, sitajibu kwanza gati wala hoteli. Hoteli zipo tangu zamani, na majumba ya enzi ya Wabelgiji bado yamejipanga kando ya barabara ya ufukweni. Ningeanza na mtu mmoja wa kazi ya Willa: muogeleaji au mpiga kasia aliyeshindana, anayelipwa kila mwezi, mwenye kamba, maboya, filimbi na boti ya uokoaji yenye mafuta, anayeufungua ufukwe saa kumi na mbili asubuhi wakati maji yamelala na kuufunga upepo unapoamka. Awafundishe watoto wanaoogelea tayari. Wakubwa miongoni mwao wasomee uokoaji na kuendesha mashua, kwa sababu kila mchezo wa majini, uwe wa skii, kayaki au Ironman, unahitaji dereva anayeusikia uzito wa mtu nyuma yake. Vazi lao libuniwe hapo hapo, na mafundi cherehani wa sokoni Gisenyi ndio walipwe kulishona.